Ukienda akwariamu usiangalie samaki tu: jinsi ya kutembelea ile ya Monterey ukaona kazi yenyewe

Mara ya kwanza naenda Monterey Bay Aquarium, akwariamu iliyoko pwani ya California, nilitoka baada ya saa moja na nusu nikiwa na picha mia mbili kwenye simu na hasira. Nimelipa tiketi za watu wanne, nimelipa paking, nimeona samaki wako nyuma ya kioo, basi. Mi mtu wa Tanga, samaki nimewaona tangu sijaota meno, kwahiyo njia nzima ya kurudi San Jose nilikuwa najiuliza hivi nimelipia nini hasa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa naangalia samaki na wala sikuwaangalia wanaowahudumia, na pale shughuli yote iko kwa wanaohudumia.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi, kila mgeni akija toka nyumbani nampeleka, na mgeni aliyenifundisha zaidi ni shangazi yangu aliyekuja kumuona mtoto tulipojifungua. Huyu ni mama aliyekaanga samaki maisha yake yote, huwezi kumdanganya kwa taa za bluu na muziki wa polepole. Kwahiyo haya naandika kwa wabongo na wakenya mlioko California au mnaokuja kutembea, na mwishoni nitasema na nyie mlioko nyumbani mnaweza kufanyaje bila kulipa hata senti.

Kabla hujatoka

Tiketi nunua onlaini mapema, zinaenda kwa tarehe, ukifika mlangoni kienyeji unaweza kuambiwa zimeisha. Jumamosi ya kiangazi usiende, nasisitiza, usiende. Nenda siku ya kazi. Asubuhi utakuta mabasi ya shule maana shule za California zinaingia bure kwa kubuku, na watu wengi wakiona kundi la watoto wanakimbilia upande wa pili. Mi nakwambia jibanze nyuma yao, wale wanapewa maelezo ambayo wewe uliyelipa hupewi, simama kimya kama mzazi aliyesindikiza na sikiliza.

Beba sweta. Monterey mwezi wa saba ni baridi na ukungu mpaka saa sita mchana, watu wanakuja na kaptula wakidhani California yote ni moja, afu wanaishia kununua majaketi ya bei mbaya dukani.

Kitu cha muhimu kuliko vyote: ukiamka angalia ratiba ya kulisha ya siku hiyo, ipo kwenye tovuti yao na pale ndani pia ipo. Andika saa za fisi maji, saa za pengwini, saa za msitu wa mwani, na siku yako yote izungushe humo. Mnyama akiwa hali utamuona amelala au anazunguka tu. Akiwa anakula ndo unaona anajua nini, anaogopa nini, nani anamjua yeye, na mtu aliyeshika ndoo mara nyingi kuna mwenzake mwenye maiki anaeleza.

Anza na dagaa

Ukiingia tu usikimbilie juu. Pale palikuwa na kiwanda cha kusindika dagaa, Hovden Cannery, kilianza 1916 na kikafungwa 1973, na mtaa wenyewe mpaka leo unaitwa Cannery Row. Walivua dagaa mpaka wakaisha. Miaka ya 1940 kwenda 50 samaki wakatoweka na viwanda vikafa kimoja baada ya kingine. Mabwela, yaani yale matanki makubwa ya kuchemshia, bado yapo pale karibu na mlango, watu wanapita wanadhani ni mapambo.

Akwariamu ikafunguliwa palepale tarehe 20 Oktoba 1984, kwa hela za familia ya Packard, wale wa kompyuta, na binti yao Julie ndo aliyeiongoza kwa miaka mingi sana. Sasa nenda kwenye tanki kubwa linaloitwa Open Sea, la lita kama milioni 4 na nusu, utawakuta dagaa haohao wanazunguka wakiwa maelfu. Shangazi alisimama pale muda mrefu sana. Jodari akipita, lile kundi linafunguka katikati kama pazia afu linajifunga nyuma yake, halimgusi hata mmoja. Akasema, "Mwanangu, hawa mimi nimewapima kwa visado miaka thelathini, sijawahi kuwaona wakiwa na akili." Nikakaa kimya, ningesema nini.

Fisi maji: hapa tenga saa nzima

Huyu sio yule fisi maji wa mtoni tunayemsikia kwetu, huyu anaishi baharini kabisa, analala chali juu ya maji, anakulia tumboni kwake kama mezani. Hana mafuta chini ya ngozi kama nyangumi au sili. Kinachomkinga na baridi ni manyoya, kipande cha ngozi cha sentimita moja tu kwa moja kina nywele laki moja na zaidi, yaani kichwa chako kizima kikijitahidi ndo kinafikia hapo. Manyoya hayo ndo yaliyomponza, waliwinda mpaka ikaaminika California wamekwisha, kumbe kulikuwa na kikundi kama hamsini hivi kimejificha pwani ya Big Sur, wakaja kuonekana 1938. Leo wako kama elfu tatu, na wote wametokana na wale wachache.

Saa ya kula ikifika simama ghorofa ya juu, sio chini. Chini utaona wanavyoogelea, wanapendeza kweli, ila juu ndo unaona mikono ya mtu anayelisha. Angalia hivi vitu:

Kila fisi maji ana sehemu yake na alama yake, kitu cha umbo tofauti anachotakiwa kukigusa kwa mkono au pua ndo apewe. Sio sarakasi hiyo. Akishazoea kugusa alama na kutulia, siku daktari akitaka kumtazama meno anafungua mdomo mwenyewe, akitakiwa kupimwa uzito anapanda mizani mwenyewe, hakuna kukimbizana na nyavu wala sindano ya usingizi. Ukiona mlishaji anashika mguu wa nyuma anauachia, ujue huo ndo uchunguzi wenyewe.

Angalia ndoo. Kuna kamba, ngisi, kome, vipande vya samaki, na ni vya kuliwa na watu kabisa, sio makombo. Fisi maji anakula karibu robo ya uzito wake kila siku, jike la kilo 20 linamaliza kilo 4 mpaka 5. Shangazi alivyosikia bei ya kamba za California na hesabu hiyo akapiga makofi mara moja, akasema huyu kumlea ni kama kulea mkwe.

Alafu wahesabu. Ukikuta wachache kuliko wanaotajwa, uliza mwingine yuko wapi. Hapo ndo utaingia kwenye stori ambayo mi niliipita mara ya kwanza nikiwa busy na selfi.

Iko hivi. Wale unaowaona kwenye kioo ni waliookotwa, na serikali ikaamua hawawezi kurudi baharini tena. Akwariamu imekuwa ikipokea vitoto vilivyopotezana na mama tangu ilipofunguliwa. Zamani binadamu ndo walikuwa wanavilea, wanaogelea navyo, wanavifundisha kupiga mbizi, shida ni kwamba kikikua kikaachiwa kinafuata watu, kinapanda mitumbwi ya watalii, kinaomba chakula. Mwaka 2001 akaletwa jike anaitwa Toola, mgonjwa wa kifafa, akazaa mtoto mfu, na siku hizohizo kukawa na kitoto yatima kimeokotwa. Wakamwekea. Akakikumbatia akakilea kama wake. Toka hapo Toola alilea yatima 13 mpaka alipokufa 2012, na majike wengine wakaendeleza kazi hiyo. Kwahiyo yule ambaye humuoni leo kwenye kioo huenda yuko nyuma ana mtoto wa kulea.

Huko nyuma huingii, na ndo inavyotakiwa. Hata wafanyakazi wenyewe wakisogelea vitoto wanavaa joho jeusi na kinyago cha fundi wa kuchomelea ili kitoto kisijue sura ya binadamu, kisije kikampenda. Yaani kazi nzima ni kuhakikisha hakikupendi. Mi hiyo ilinigusa, sijui kwa nini, labda kwa vile nilikuwa nimebeba mtoto.

Na inalipa? Watafiti wao walifuatilia vitoto 37 vilivyolelewa hivyo na kuachiwa kwenye kinamasi cha Elkhorn Slough kati ya 2002 na 2016, wakakuta zaidi ya nusu ya ongezeko la fisi maji wa pale limetokana na hao na wajukuu zao. Na fisi maji wakirudi wanakula kaa, kaa wakipungua nyasi bahari zinapona. Mnyama mmoja anayekulia tumboni kwake anarudisha shamba zima.

Ukitaka kumalizia vizuri, toka kwenye ile deki ya nyuma inayoangalia bahari. Kuna darubini za bure. Mara nyingi kuna fisi maji wa porini anaelea pale amejifunga mwani asichukuliwe na maji, huyu hajalipiwa tiketi. Au siku nyingine nenda Moss Landing ukodi kayaki, ni mwendo wa kama nusu saa kwa gari, ila usimsogelee chini ya mita 18, yaani urefu wa kayaki tano hivi. Akikuangalia ujue uko karibu mno, rudi nyuma.

Msitu wa mwani, na siri ya usiku

Tanki hili lina kina cha mita 8 na nusu na juu liko wazi, jua linaingia lenyewe. Ndani kuna kelpu, huu ni mwani lakini sio ule wa Paje na Jambiani wa kufunga kwenye kamba, huu unasimama kama mnazi, na hapo tankini unaweza kuongezeka sentimita kama 10 kwa siku mpaka wapiga mbizi wanaingia kuupunguza kama mtu anayefyeka uwanja. Kwa juu kuna mashine inayosukuma maji yayumbe, maana mwani huu ukikaa kwenye maji yaliyotulia unakufa.

Maji yenyewe yanavutwa moja kwa moja kutoka baharini, lita kama 7,500 kwa dakika. Mchana yanachujwa ili wewe uone. Usiku mkishaondoka wanaacha yaingie yasiyochujwa, machafu machafu hivi, yana mayai na vijidudu na mbegu za kila aina, na vinajishika kwenye miamba vinaota vyenyewe. Ndo maana ukichungulia pembeni za miamba utaona vitu ambavyo hakuna mtu aliyeviweka. Mpiga mbizi akiingia kulisha ana maiki ndani ya kinyago, watu wanamuuliza maswali naye anajibu akiwa majini, wapeleke watoto mbele wakae chini kwenye zulia.

Na ukiunganisha na ghorofa ya juu: kuna wale wenye miiba wanaotuchoma miguu maji yakitoka, wanakula mwani huu mpaka shina. Fisi maji anawala hao. Basi umeelewa kwa nini wote wako jengo moja.

Vidimbwi vya kugusa

Hapa watoto wanagusa kiti cha pweza, jongoo bahari, na taa wanaopita na mgongo wao laini kama uyoga uliolowa. Utaratibu ni rahisi. Loweka mkono kwanza kwenye maji, maana mkono mkavu unachuna ute wa ngozi yao. Vidole viwili tu, taratibu, usimshike ukamtoa majini, na kama umejipaka losheni nyingi nawa kwanza. Taa mwache apite mwenyewe chini ya mkono wako, asiyetaka kuguswa anakaa katikati na hiyo ni haki yake.

Lakini usiishie kugusa. Wanaosimama pale wengi ni watu wa kujitolea, wastaafu na vijana wa sekondari, wamefundishwa miezi na wanasubiri mtu awaulize. Usiulize "huyu anaitwaje", imeandikwa pale. Uliza "huyu ametoka wapi", "jana alikula nini", "akiumwa mnajuaje". Swali la tatu ndo tamu. Bibi mmoja alinijibu kuwa mnyama wa baharini anaficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho, kwahiyo dalili ya kwanza ni daftari la chakula, aliyekuwa anakula vipande kumi leo kala saba. Nikakumbuka bibi yangu na mbuzi wake, maneno yaleyale.

Hilo daftari utaliona wazi kwa pengwini. Hawa wanatoka Afrika Kusini na Namibia, jamaa zetu, kila mmoja ana bangili ya rangi kwenye bawa, na akipewa samaki mtu anaandika fulani kala. Mwaka 2024 wametangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka, sababu mojawapo kubwa ni dagaa wao kuvuliwa kupita kiasi. Dagaa tena! Jelifishi ukitaka nenda kawaone, wanapendeza mno, wamewekwa kwenye matanki ya duara kwa sababu kona zinawachana, mi sina la kuongeza.

Asiyekuwepo naye muulizie

Watu wengi wanatafuta papa mweupe. Hayupo. Waliwahi kumuweka mdogo mwaka 2004 akakaa siku 198, ikawa rekodi, mpaka alipoanza kuua papa wenzake tankini wakamrudisha baharini. Walijaribu na wengine mpaka 2011 wakaacha. Mimi naona akwariamu inayojua nani hawezi kufugwa ndo ya kuiamini. Hata yule silikanti wetu wa Tanga, ambaye ba'mdogo na wenzake wa Kigombe walikuwa wanamnasa kwenye jarife wakashangaa ni samaki gani huyu ana miguu, hakuna aliyeweza kumfuga. Anatoka kina kirefu chenye baridi, ukimleta juu anakufa.

Kwahiyo hata ukiwa sehemu nyingine, hata huko kwetu pwani ambako utakuta mtu ana kasa kwenye kijibwawa anakutoza hela umlishe mwani na upige naye picha, maswali ni yaleyale. Ametoka wapi, nani anamtibu, ataachiwa lini, na nionyeshe daftari. Akibabaika usitoe hela. Ukitaka kuona inavyofanywa vizuri nyumbani, nenda Watamu kwa wale wa Local Ocean Conservation, mvuvi akinasa kasa bila kukusudia anawapigia simu, wanakuja wanampima wanamfunga alama, mzima anarudi majini siku hiyohiyo na mgonjwa anaenda kutibiwa, na mvuvi anapewa kitu kidogo cha kufidia usumbufu. Ukienda vaa viatu vya kulowa.

Kwa mlioko mbali, na ukisharudi nyumbani

Kuna mambo matatu unafanya bila kufika. Moja, hawa jamaa tangu 1999 wanatoa mwongozo wa samaki wa kununua unaitwa Seafood Watch, kijani nunua, njano fikiria, nyekundu acha. Umetungwa kwa soko la Marekani lakini mlioko huku tumieni, tena muulizeni muuza samaki amevuliwa wapi na kwa zana gani, akiulizwa na watu kumi kwa siku ataanza kutafuta jibu.

Pili ni paka. Ndiyo, paka. Ugonjwa wa Toola waliamini umetokana na kimelea kinachotoka kwenye kinyesi cha paka, mvua inakisomba mpaka baharini kinaingia kwenye kome, fisi maji anakula kome. Mwenye paka ndani funga kinyesi kwenye mfuko tupa takataka, usimwage chooni.

Na kamera. Kwenye tovuti yao kuna kamera laivu za fisi maji, pengwini, jelifishi na msitu wa mwani, bure kabisa. Zinawaka mchana wa kule, kwahiyo kwa Afrika Mashariki anza kuangalia kuanzia saa 11 au 12 jioni, kabla ya hapo ni giza utadhani bando imekata. Shangazi tangu arudi Tanga anafungua kila jioni akishamaliza kukaanga. Juzi kanipigia anauliza mbona yule mwenye kichwa cheupe leo hajatokea, anaumwa? Nikamwambia shangazi, huku ndo kwanza saa moja asubuhi, hata mimi mwenyewe sijatoka kitandani.